Tofali za Mama na Mto Uliohama

Jirani yetu Sedekia anasema mto ulihama alfajiri moja, yeye akiwa kitandani. Anasema alisikia mlio kama kundi la ng'ombe linashuka mteremko. Akamwamsha mkewe, mkewe akamwambia ni tumbo lake mwenyewe linaunguruma kwa pombe ya komoni aliyokunywa jana, wakalala tena. Kulipokucha, waliojua kwanza ni bata wake. Walitoka bandani wakashika njia yao ya siku zote, nyuma ya nyumba, kwenda kuoga. Muda si mrefu wakarudi na miguu mikavu, wamenyamaza, wanamtazama.

"Bata hawasemi uongo," Sedekia humalizia hivyo. "Mungu aliuchukua mto nyuma ya nyumba akauweka mbele. Mimi ni nani nimuulize?"

Ameisimulia hadithi hiyo misibani, kilabuni, mpaka watoto wanaijua kwa moyo. Mgeni akiisikia hucheka. Sisi wa Ilondo hatucheki sana, maana tunajua mto haukuhama wenyewe. Ulihamishwa kwa majembe.

Nieleze taratibu, ili hata asiyewahi kufika kwetu aelewe. Zamani ukitoka Igawa kwenye lami ukashuka kuja kwetu, ulikuta kwanza mashamba ya mpunga, halafu nyumba zetu, halafu ndiyo mto. Mto ulipita nyuma yetu. Maji yalifika shambani kwa mfereji, na kila mwaka kabla ya kusia mbegu watu wote walitoka kwa msaragambo kuusafisha, kuanzia kwenye banio, pale mfereji unapochota maji mtoni. Asiyetoka hapewi zamu ya maji. Ndiyo sheria yetu na hakuna anayeilalamikia.

Mwaka mmoja wa ukame mto ulikonda mpaka mtoto anauruka. Mzee Isakwisa, msimamizi wa mfereji, akasema banio lichimbwe liende chini kuliko mto wenyewe, ili maji yakose pa kukataa. Wengine walisita. Kugusa mto kunataka kibali cha watu wa maji wa serikali, na kibali hatukuwa nacho.

"Kwani mpunga unasoma kibali?" Isakwisa akauliza.

Watu wakacheka, wakachimba. Mpunga ukapona, tukamsifu. Halafu mvua zikanyesha milimani, mto ukashuka na nguvu zake zote, ukafika pale ukakuta umefunguliwa mlango. Ukaingia mzima kwenye mfereji, ukaupanua, ukachukua na mashamba ya watu, na haukurudi tena. Nyuma ya nyumba zetu ukabaki mchanga na mawe. Leo mto uko mbele, kati yetu na lami.

Watu wa maji walikuja kuuliza. Aliyewapokea ni Sedekia, akawasimulia bata. Waliandika, wakaondoka. Tangu siku hiyo hilo ndilo jibu la kitongoji kizima. Na kwa muda mrefu halikutuumiza, maana pande zote mbili za maji zilikuwa jimbo moja na mbunge mmoja. Mto uwe mbele, uwe nyuma, mbunge alikuwa yule yule.

Sasa nije kwenye tofali.

Baada ya mto kuhama, kufika hospitali ikawa mpaka uvuke maji. Kiangazi unapandisha sketi. Masika unabaki nyumbani na ugonjwa wako. Kwa hiyo watu walikubaliana kujenga zahanati upande wetu. Wakati wa kampeni za nyuma mbunge alisimama juu ya gari, akasema, "Nyinyi fikisheni boma kwenye linta, bati niachieni mimi." Tulipiga makofi, tukaanza kuchanga mawe, mchanga na nguvu. Ukuta ulipofika madirishani, tofali zikaisha.

Mama yangu, Yudith, alikuwa na tanuru la tofali pale nyumbani. Tangu baba afariki alikuwa anafyatua kila kiangazi, kidogo kidogo, anakanyaga udongo kwa miguu yake, anachoma kwa pumba za mpunga alizookota mashineni. Tofali za pumba haziivi zote vizuri. Za katikati zinakuwa nyekundu, za pembeni zinabaki na rangi ya maandazi. Lakini zilikuwa zake, na zilikuwa za nyumba yake. Tunaishi kwenye nyumba ya miti na udongo, ukuta wa nyuma umeegemea nguzo kama mlevi anayesindikizwa. Mama alikuwa ameshaonyesha kwa kijiti pale chini: hapa chumba changu, hapa chako Tekla, hapa mlango.

Kwenye mkutano mwenyekiti wetu wa kitongoji, Yotamu, akauliza nani ana tofali. Mimi niliangalia chini, maana niliwaona watu wanavyojizuia wasimtazame mama. Mama akasimama mwenyewe.

"Chukueni za kwangu," akasema. "Bati zikija tutapona wote. Nitafyatua zingine."

Akapigiwa vigelegele. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia, "Mama, ungesema nusu."

"Nusu ya ukuta inamfunika nani?" akanijibu.

Boma likafika kwenye linta, juu ya madirisha. Kiangazi kilichofuata mama aliingia kwenye udongo afyatue zingine, akakanyaga siku ya kwanza tu, kiuno kikamkataa. Tulimtoa pale tumemshika huku na huku. Mpaka leo akiinama lazima ashike kitu ndiyo ainuke. Mimi nilijaribu, lakini nikikanyaga udongo nani alime, na nani abaki naye. Nilitengeneza chache, mvua ya ghafla ikazikuta bado mbichi, zikarudi kuwa tope.

Halafu ndiyo tukasikia redioni kwamba jimbo letu limekuwa kubwa sana, litagawanywa yawe mawili. Mpaka utafuata mpaka wa kata, na mpaka wa kata ni mto. Upande wa barabara tukauita jimbo la Lami, upande wa pili wa mto jimbo la Mpunga. Sedekia alicheza pale kilabuni.

"Wabunge wawili!" akasema. "Sasa tutanyonya kama ndama mwenye mama wawili. Mmoja akitupiga teke, tunahamia kwa mwingine!"

Uchaguzi ukafika. Majina yetu tuliyakuta yamebandikwa kituo cha upande wa Mpunga, kwa sababu waandikishaji walikuja, wakasimama, wakaona maji yako wapi, wakaandika. Tukapiga kura huko. Mbunge wa Mpunga akashinda, na yule wa juu ya gari akashinda upande wa Lami. Tukasubiri bati.

Tulisubiri mpaka mama akaniambia, "Nenda na mwenyekiti mkaulize. Usigombane. Wewe sikiliza tu, halafu uje unieleze kama ilivyo."

Ofisi ya mbunge wa Lami ina kibaraza kizuri. Yotamu alivaa koti lake la kanisani. Aliyetupokea ni katibu wa mbunge, kaka mmoja mnene, mpole, anaitwa Silvester.

"Kamwene, karibuni wazee wangu. Karibu dada. Mmetoka wapi?"

"Ilondo," Yotamu akasema. "Tumekuja kwa ajili ya bati za zahanati. Mheshimiwa alituahidi."

Silvester akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayepewa habari za msiba. "Aliahidi, nakumbuka, hata mimi nilikuwepo. Lakini wakati ule jimbo lilikuwa moja. Sasa mwenyekiti, leo mmekuja na nini, gari au miguu?"

"Miguu."

"Mmevuka mto?"

"Tumevuka."

"Si unaona? Mpaka ni mto. Ukishavuka mto kuja kwangu, wewe ni mgeni. Na kura mlipiga wapi?"

Yotamu akakohoa. "Kule."

"Basi nendeni kule. Mimi nikipeleka bati kwenye jimbo la mwenzangu nitaambiwa namfanyia kampeni au namtukana." Akatuagizia soda. Tulikunywa, tukashukuru, tukaondoka.

Ofisi ya Mpunga iko mbali zaidi, tulilala kwa shemeji yake Yotamu. Pale tulimkuta mama mmoja mwenye miwani, anashughulikia fedha za mfuko wa jimbo. Hakuwa mkali hata kidogo. Alitandika ramani mezani, akanionyesha mimi kwa sababu Yotamu alisahau miwani yake.

"Mwanangu, soma hapa."

Nikasoma. Ilondo. Na mstari wa buluu umepita nyuma ya nyumba zetu, pale penye mchanga na mawe, kama vile maji bado yapo.

"Huo ndio mpaka," akasema. "Ramani ilichorwa zamani. Kwa ramani hii nyinyi mko jimbo la Lami. Kura zenu tumezipokea na mheshimiwa anawashukuru sana. Lakini fedha hazifuati kura, zinafuata ramani. Nikiezeka jengo lililoko nje ya mpaka, mkaguzi akija ananiondoa kazini."

"Mama," Yotamu akasema, "wa Lami ametuambia mpaka ni maji. Wewe unatuambia mpaka ni karatasi. Sasa sisi tulale wapi?"

Yule mama akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ombeni watu wa mipaka waje waone. Wakisema rasmi mto ni upi, mmoja wetu atakuwa hana pa kukimbilia."

Tuliporudi nyumbani nilimweleza mama yote kama yalivyo. Alikuwa amekaa nje, anaangalia boma. Kutoka kwetu linaonekana. Linta imekaa juu ya madirisha bila kitu juu yake. Ukuta ulijengwa kwa udongo, siyo saruji, kwa hiyo mvua ya kwanza ilikuwa imeshalamba viungo, na tofali za juu, zile za rangi ya maandazi, zilikuwa zinamong'onyoka. Nilikuwa nimezifunika na mifuko ya mbolea nikaweka mawe juu. Upepo ulikuwa unaifunua, nairudisha, inafunuka.

"Kona ile ya kushoto ni za tanuru la kwanza," mama akasema. "Zile ziliiva. Zile hata mvua ikinyesha hazifi haraka."

Nikajua kwamba akikaa pale hatazami boma. Anazitafuta tofali zake, moja moja.

Watu wa mipaka walikuja baada ya maombi mengi. Wawili, na gari, na kile chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Silvester alikuja, yule mama mwenye miwani alikuja, na Ilondo yote ilikuja. Tulikaa kwenye kivuli cha boma, maana ndilo jengo pekee lenye ukuta wa kutosha kutoa kivuli. Mama alikuja na kiroba mkononi. Sikumuuliza cha nini.

Mkubwa wao alikuwa mzee mtaratibu. Alitembea mpaka kwenye mchanga wa nyuma, akarudi, akaenda mpaka majini, akarudi. Akasema:

"Ndugu zangu, jambo hili ni rahisi, mnisaidie swali moja tu. Mto ukihama wenyewe, kwa mvua, kwa mapenzi ya Mungu, mpaka unaufuata ulikokwenda. Hapo mnakuwa wa Mpunga, ila ramani itarekebishwa kwenye mapitio yajayo ya mipaka, na mapitio siyo kesho wala mwakani. Lakini mto ukihamishwa na watu, mpaka hauhami. Unabaki pale pale pa zamani. Hapo nyinyi ni wa Lami leo hii, na bati ni za Lami leo hii. Sasa niambieni. Ulihama vipi?"

Nilimwona Silvester anajifuta jasho. Nilimwona yule mama anashika kalamu. Halafu nikawaona watu wetu.

Kila mtu alielewa. Tukisema tuliuhamisha sisi, zahanati inapata bati. Lakini tukisema hivyo tumekiri kuchimba bila kibali. Watu wa maji watakuja na faini, na kabla ya faini watafunga mabanio yote tuliyoweka kwenye mto huu mpya. Mpunga ulikuwa kitaluni, kijani, unasubiri kuhamishiwa majarubani. Ilondo haina kingine. Hata jaruba letu mimi na mama linakunywa hapo hapo.

Mzee Isakwisa alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa fimbo. Hakuna aliyemtazama. Wote walimtazama Sedekia.

Sedekia akasimama. Mara hii hakuwa na haraka. Alinitazama mimi, akamtazama mama, nikaona anataka mmoja wetu amzuie. Mdomo wangu ulikuwa na maneno tayari. Nilimgeukia mama. Mama alikuwa anaangalia kitalu, kule mbele. Akatikisa kichwa, kidogo tu, jinsi mtu anavyofukuza nzi.

"Mheshimiwa," Sedekia akaanza, "ilikuwa alfajiri. Nikasikia mlio kama kundi la ng'ombe."

Akasimulia yote. Alipofika kwenye bata, yule kijana mwenye chombo akacheka sana mpaka akashika tumbo. "Miguu mikavu!" akarudia. Hakuna mwingine aliyecheka. Sedekia akamaliza, "Bata hawasemi uongo," akakaa, akavua kofia akaiweka usoni kama mtu anayeona jua.

Mzee wa mipaka akaandika. "Kwa hiyo ulihama wenyewe. Kuna mwenye maelezo tofauti?"

Jembe la mtu lililokuwa limeegemea ukuta likaanguka, na hata huyo mwenye jembe hakuinama kuliokota.

"Vizuri. Basi nyinyi ni watu wa Mpunga. Ramani itawafuata."

"Na bati?" Yotamu akauliza.

Yule mama mwenye miwani akasema kwa sauti ya chini, "Ramani ikishabadilika, mwenyekiti. Mimi mwenyewe nitakuja nalo la kwanza."

"Itabadilika lini?"

"Amesema. Mapitio yajayo."

Silvester alishaanza kushikana mikono na watu. Alimshika mkono hata mama yangu. "Poleni sana, mama yangu. Ingekuwa upande wangu, ungeona." Mama akamwambia asante baba.

Mzee akafunga jalada lake. "Kuna lingine?"

Mama akanivuta nguo. Akanifungulia kile kiroba, nikaona ndani: nyundo ya baba na kipande cha chuma bapa cha kubandulia udongo. Alinionyesha tu kona ya kushoto.

Nikasimama. Sijazoea kusimama mbele za watu, mimi nimeishia darasa la saba na kazi yangu mikutanoni ni kusikiliza.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mimi naitwa Tekla, na huyu ni mama yangu Yudith. Tofali za ukuta huu kutoka madirishani kwenda juu ni za mama. Alizitoa kwa sababu tuliambiwa bati zitakuja. Sasa bati haziji leo, na mvua inakuja. Mama anaomba aruhusiwe kubandua zake wakati bado ni tofali. Tujengee hata chumba kimoja. Siku bati zikifika tutafyatua zingine."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Binti anataka kubomoa zahanati!" Mwingine akamwambia, "Zahanati gani, wewe? Hiyo ni zizi."

Mzee akamtazama Yotamu. "Hilo siyo suala la mipaka, mwenyekiti. Ni jengo la nani?"

"La wananchi," Yotamu akasema. "Mimi siwezi kuruhusu mali ya umma ibomolewe. Lazima ruhusa itoke juu."

"Juu wapi?"

Yotamu akamtazama Silvester. Silvester akasema, "Mmeshaambiwa nyinyi siyo wangu, nitaruhusuje?" Wakamgeukia yule mama. Alikuwa anakunja ramani, anaikunja vibaya, anaifungua, anaikunja tena. "Kwenye kitabu changu hili jengo halipo," akasema. "Siwezi kubomoa kitu ambacho sina."

Kijana wa chombo akawasha gari. Watu wakaanza kuinuka wanajipangusa vumbi, wengine wanaelekea kitaluni kwa sababu zamu ya maji ilikuwa imefika. Sedekia alipita karibu yangu na kofia yake usoni vile vile. Nikamfuata mzee mpaka kwenye mlango wa gari. Kioo kilikuwa wazi. Nyuma yangu nilimsikia mama anajaribu kuinuka, anashika ukuta ainukie, na udongo unadondoka.

"Mzee," nikasema, "siombi bati. Naomba tu mtu mmoja kati yenu amwambie mama anaweza kuzichukua."

Alinitazama. Akamtazama kijana wake kwenye usukani. Nikashika kioo nikarudia, safari hii kwa sauti, ili na wale wengine wasikie.